Dereva Aliyeapa Kabla ya Kusikiliza

Laurean Mutalemwa aliendesha basi la ghorofa kutoka Walthamstow kwa miaka kumi na minne bila kugonga hata kioo cha pembeni, na jambo hilo alilitaja mara nyingi kuliko lilivyohitaji kutajwa. Wakati wa mapumziko, madereva wenzake wakivuta sigara na kubishana juu ya mpira, yeye alibaki kwenye kiti chake akisoma daftari lenye jalada gumu la bluu. Daftari hilo alitoka nalo seminari ndogo huko Kagera, alikosoma miaka minne kabla ya kutambua kwamba upadri haukuwa wito wake. Humo alikuwa amenakili, kwa mwandiko wa mvulana wa miaka kumi na tano, hadithi za Wayunani wa kale kama mwalimu wao wa historia alivyozisimulia. Chini ya kila hadithi mwalimu aliwataka waandike mstari mmoja ulioanza na neno "Fundisho".

Kila Jumapili baada ya Misa, ndizi zikiwa mezani, Laurean aliwasimulia watoto wake watatu hadithi moja. Anastasia ndiye aliyekuwa mkubwa, na wawili waliomfuata walizaliwa London. Wote walikielewa Kiswahili chake, na wote walimjibu kwa Kiingereza.

"Leo anakufa nani?" mkewe Generosa aliuliza kila mara, akigawa mchuzi. Alikuwa mhudumu katika hospitali, na vifo vya Wayunani havikumpa hofu.

"Leo hafi mtu. Anageuzwa mti."

"Afadhali. Juzi yule aliyeliwa ini na tai alinikatisha hamu ya kula."

Mwisho wa hadithi Laurean aliinua kidole na kuuliza fundisho ni nini, kisha akalitaja mwenyewe kabla hawajajibu. Ikaro aliruka juu mno kwa sababu hakumsikiliza baba yake, watoto wasikilize. Mfalme Mida alitamani dhahabu hadi chakula kikageuka dhahabu mdomoni. Watoto wasiwe na tamaa. Faetoni aliomba kuendesha gari la Jua asiloliweza, akaunguza dunia na kufa. Watoto wasiombe mambo yanayowazidi kimo. Ukilisoma daftari lile lote, utaona kwamba kila fundisho linamwangukia mtoto. Hakuna hata moja linalomwangukia baba. Laurean alikuwa baba kwa miaka mingi, na hilo hakuwahi kuliona.

Mwaka 2011 Anastasia alitimiza miaka kumi na sita na kupata kipaimara. Sherehe ilifanyika katika ukumbi ulio nyuma ya kanisa, na watu walitoka Croydon, Reading na hata Leicester. Mwongoza shughuli alikuwa Abdulwakil, Mzanzibari wa Mjini aliyekuwa akikodiwa na Wakristo na Waislamu sawasawa, kwa kuwa hakuna aliyejua kuwachokoza wazazi kama yeye.

Wageni walipanga mstari kumpongeza binti. Miongoni mwao alikuwa Mama Valeria, mwanamke wa Kanyigo, kijijini kwao Laurean, aliyekuwa na wiki tatu tu London, amekuja kumtazama mjukuu. Alimshika Anastasia kidevu, akamgeuzia uso kwenye mwanga wa dirisha, akatabasamu.

"Telesphor mtupu," alisema. "Paji hili, na hivi unavyokunja midomo. Baba yako angekuona leo angelia."

Akaenda zake kutafuta kiti. Hakuwa na nia mbaya. Kwao Kanyigo jambo lile lilijulikana na kila mtu, na hakudhani kwamba London kuna mtu mmoja asiyelijua, na kwamba mtu huyo ndiye binti aliyekuwa amemshika kidevu.

Nusu saa baadaye ukafika wakati wa neno la baba. Waliowahi kuhudhuria sherehe zetu wanajua neno hilo limekuwa kitu gani. Zamani baba alisimama, akashukuru, akambariki mtoto, akaketi. Siku hizi ni mnada. Laurean alikuwa na bahasha mfukoni, bahasha ya mtu anayeishi kwa mshahara, na alikwisha kuitoa.

"Bahasha, mzee wangu?" Abdulwakil alisema kwenye kipaza sauti. "Mwanao leo amekuwa askari wa Kristo, wewe unampa nauli ya basi? Na basi lenyewe unaliendesha wewe."

Ukumbi ukacheka.

"Mwezi jana, hapa hapa niliposimama, kuna baba alitoa kompyuta na tiketi ya ndege. Simtaji jina, yupo meza ya tatu, anakula sambusa. Haya, Baba Anastasia, tuambie. Huyu ni wako au umemwazima?"

Utani huo Abdulwakil aliutumia kila sherehe. Lakini Laurean aliusikia kama mtu aliyepigwa kofi, maana alikuwa amemwona Mama Valeria kwenye mstari, na alikuwa ameona mdomo wake ukifunguka. Alinyakua kipaza sauti. Alitaka kuuthibitishia ukumbi, na kujithibitishia mwenyewe, jambo ambalo hakuna aliyelikana.

"Anastasia, mwanangu," alisema. "Naapa kwa kaburi la mama yangu kule Kanyigo, mbele ya watu hawa na kamera ile. Omba chochote. Nitakupa."

"Chochote, mzee? Nisije nikasikia vibaya."

"Chochote."

Vigelegele vikapanda. Anastasia alipewa kipaza sauti, akasema kwa Kiswahili, jambo lililowashangaza waliomfahamu, "Asante, Baba. Nitaomba nyumbani." Watu wakacheka tena, wakidhani anataka gari.

Jumapili iliyofuata, baada ya chakula, Anastasia aliwaambia wadogo zake wakacheze juu. Akasubiri mlango ufungwe.

"Telesphor ni nani?"

Generosa aliweka kijiko chini. Laurean alianza kusema kwamba ni ndugu, kwamba Mama Valeria ni mzee na wazee huchanganya watu, na hapo mkewe akamkatiza bila kupandisha sauti. "Mwambie, Laurean. Nimechoka kuibeba siri hii."

Akamwambia. Telesphor alikuwa kaka yake mkubwa, fundi wa redio. Alifariki mwaka 1996 kwa maradhi yaliyokuwa yakimaliza nyumba nyingi Kagera miaka ile, na mkewe akamfuata miezi minne baadaye. Waliacha mtoto wa mwaka mmoja na nusu. Siku ya kuanua tanga ukoo ulikaa, ukamtaja Laurean, ukamwekea mtoto mapajani. "Kuanzia leo usimwite mtoto wa marehemu," aliambiwa. "Huyu ni wako." Naye akakubali. Kwa desturi yetu jambo limekwisha hapo. Anayeendelea kusema huyu si wa kuzaa anaonekana mchawi.

Tatizo lilianza mwaka 1999, Laurean na Generosa walipokwisha kupata kibali cha kuishi Uingereza na kwenda Kagera kumchukua mtoto, aliyekuwa amebaki na ukoo. Fomu ya viza ilikuwa na kisanduku cha mtoto wa kuzaa. Chini yake kulikuwa na kingine, cha mtoto wa kulea, na mbele ya hicho orodha ndefu ya karatasi za mahakama. Laurean hakuwa na karatasi ya mahakama. Alikuwa na ukoo, na cheti cha kuzaliwa kilichoandikwa upya kwa barua ya ukoo huo.

Ningependa kusema kwamba alijaza kisanduku cha kwanza kwa sababu ya desturi, bila kujua anachofanya. Yeye mwenyewe alipenda kusema hivyo. Lakini alipomsimulia binti yake siku ile hakusema hivyo, na hilo linampa heshima. Alisema, "Kalamu ilisimama. Nilijua wanauliza nini. Nikaandika." Huo ulikuwa uongo, na haukupungua kwa sababu uliandikwa kwa upendo.

Anastasia hakulia. Aliuliza kama kuna picha. Generosa akaenda chumbani, akaja na moja: kijana mwembamba amesimama mbele ya kibanda chenye redio zilizofunguliwa migongo, midomo ameikunja. Msichana aliitazama muda mrefu.

"Hamngeniambia kamwe?" aliuliza kwa Kiingereza.

"Ukifikisha kumi na nane tungekuambia," Generosa alisema.

"Nina ombi langu sasa," alisema Anastasia. "Fomu za uraia mlizoleta, zile tunazojaza wote. Kwenye jina la baba nataka kuandika Telesphor."

Familia nzima ilikuwa imesubiri miaka mingi kufika kwenye fomu zile. Msichana angeandika jina moja, na jina hilo lingefunua cheti, cheti kingefunua viza, na viza ingemfunua Laurean. Alimwomba siku chache afikiri.

Alikwenda Queensbury kwa Alnashir, mwanasheria mzee aliyezaliwa Bukoba, ambaye baba yake aliuza vitambaa karibu na soko. Laurean alimpelekea kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna. Mzee akaweka punje mbili mdomoni, akafumba macho, kisha akafumbua na kusikiliza habari yote.

"Bwana Laurean, mimi sikushauri udanganye. Nilikula kiapo, sitaki kukivunja nikiwa na miaka sabini. Nakueleza tu mambo yalivyo. Mtoto aliletwa, hakujileta. Alikuwa na miaka minne. Wewe ndiye uliyetia sahihi."

"Akiandika jina la baba yake, mimi nikakaa kimya?"

"Watamwita yeye. Watamuuliza yeye alijua lini, nani alimwambia, kwa nini karatasi za nyumbani hazilingani. Atakaa peke yake kwenye kiti kile na kujibu maswali ya makosa yako."

"Na akiandika jina langu?"

"Basi anaandika uongo kwa mkono wake, akiujua. Leo mwenye kosa ni mmoja. Kesho mtakuwa wawili."

"Na tusipopeleka fomu kabisa?"

Alnashir alitafuna kidogo. "Hiyo nayo ni njia. Waoga wengi wanakaa huko, na mahali penyewe si pabaya, kuna joto. Ila wewe uliapa, sivyo? Kwa kaburi la nani?"

"La mama."

"Ee bwana. Nyinyi watu wa sherehe."

Laurean alirudi akiwa amechagua njia ya joto. Hakutaka kuvunja kiapo, na hakutaka kukitimiza, kwa hiyo aliamua kumfanya binti aliache ombi mwenyewe. Wako wazazi wengi wanaofanya hivyo, halafu wanajisifu kwamba hawakumlazimisha mtoto. Jumapili alileta daftari la bluu mezani, akafungua ukurasa wa Faetoni.

Aliisimulia vizuri, lazima niseme. Akaeleza jinsi kijana Faetoni alivyotaniwa na mwenzake kwamba Jua si baba yake, na mama yake anamdanganya. Jinsi alivyosafiri hadi kwenye nyumba ya Jua kutafuta ushahidi. Jua akavua taji la miali ili asimchome, akamkumbatia, akamwambia wewe ni wangu, na ili usiwe na shaka omba chochote, naapa kwa mto wa kuzimu ambao hata miungu haiapi kwa mchezo. Faetoni akaomba gari la baba yake kwa siku moja. Jua akajuta palepale. Akamweleza kwamba njia ni kali, kwamba farasi wanatema moto, kwamba hata Zeu mkuu wa miungu hathubutu kushika hatamu zile. Kijana hakusikia. Baba akampaka dawa usoni asiungue, akamwambia apite katikati, asiende juu wala chini, akamwachia. Farasi walitambua mara moja kwamba aliyewashika si dereva wao. Wakatoka njiani, mito ikakauka, milima ikawaka, na Zeu akampiga kijana kwa radi, akaangukia mtoni.

"Kwa hiyo," Laurean alisema, na kidole kikapanda, "fundisho ni—"

"Kwa nini hakupanda naye?" Anastasia aliuliza.

"Nani?"

"Jua." Alikuwa akisema Kiingereza, lakini polepole, ili asieleweke vibaya. "Ni gari lake. Ni njia yake ya kila siku. Aliapa atampa gari, sawa. Hakuapa kwamba atabaki nyumbani. Kwa nini hakukaa pembeni yake?"

Laurean aliangalia daftari. Mwandiko wake wa utotoni ulikuwa na habari za taji, farasi, dawa ya usoni na radi. Kuhusu hilo hapakuwa na neno. Aligeuza ukurasa kana kwamba jibu lingekuwa nyuma.

"Labda gari lilikuwa la mtu mmoja," alisema mdogo wa mwisho, aliyekuwa bado hajamaliza ndizi zake.

"Baba, wewe uliniambia," Anastasia aliendelea, "madereva wapya kazini kwenu hawaachiwi basi. Mwenye uzoefu anasimama karibu nao hadi wajue."

"Wiki tatu," Laurean alisema.

"Basi hata kampuni ya mabasi ina akili kuliko Jua."

Generosa alicheka, kisha akaacha kucheka, kwa sababu aliuona uso wa mumewe.

Siku nne zilizofuata Laurean aliendesha basi lake kwa saa zake, akipita katikati kama ilivyopasa. Anayemjua angeona tu kwamba wakati wa mapumziko daftari halikufunguliwa. Alikuwa akifikiri juu ya Jua. Kwa miaka thelathini na tano alikuwa amemhurumia kama baba aliyeponzwa na mtoto mkaidi. Sasa alimwona vingine. Mtoto alikuja na swali halali: mimi ni wa nani? Baba angeweza kulijibu kwa kukaa naye. Badala yake akalijibu kwa kiapo kikubwa, kwa sababu kiapo kina fahari na kukaa hakuna fahari. Kisha saa ya hatari ilipofika akampa ushauri mwingi na dawa ya kupaka, akabaki mlangoni.

Siku ya tano alimpigia Alnashir simu na kumwomba aandike barua kwa jina lake yeye Laurean, si la mtoto, akieleza kilichoandikwa mwaka 1999 na nani alikiandika. "Uko timamu?" mzee aliuliza. Akajibiwa ndiyo. "Basi nitaiandika vizuri," alisema, "na kahawa yako imekwisha."

Barua ilipelekwa pamoja na fomu, ya Anastasia ikiwa na jina la Telesphor, na miadi ya ofisi ya uhamiaji huko Croydon ilikuja baada ya miezi miwili. Alnashir alitakiwa kwenda nao lakini magoti yalimzuia, akawapa bahasha na maagizo ya kutosema zaidi ya walichoulizwa. Laurean alivaa koti la harusi. Walipanda treni, na njiani Anastasia alimwonyesha mistari ya tramu barabarani, akamuuliza kama angeweza kuendesha tramu.

"Tramu haina usukani. Hiyo si kazi, ni kukaa tu."

"Unaogopa?"

"Naogopa," alisema. Nafikiri hilo lilikuwa fundisho la kwanza alilompa bila kuinua kidole.

Ukumbi wa kusubiri ulijaa watu wa kila nchi, kila mmoja amekumbatia folda. Namba yao ilipoitwa, ofisa, mwanamke wa makamo mwenye miwani, alimtazama msichana na kumwambia mwombaji ndiye atakayekaa, mzee anaweza kusubiri nyuma. Laurean hakurudi nyuma. Alivuta kiti cha pili, akaketi, akaweka barua juu ya kaunta.

"Mambo ya fomu ile ni yangu," alisema kwa Kiingereza chake cha basi, kilichonyooka. "Muulize yeye jina lake na shule yake. Yaliyobaki niulize mimi."

Walikaa pale saa moja na robo. Ofisa aliuliza, Laurean akajibu. Alipoulizwa kama alijua wakati ule kwamba habari hiyo si kweli, Anastasia aliona mkono wake ukitafuta kidole cha kuinua na kukosa. Akasema ndiyo, alijua.

Barua mbili zilikuja baada ya miezi saba. Ya Anastasia ilisema uraia usubiri kwanza, ila kibali chake cha kuishi kinabaki, kwa kuwa aliletwa akiwa mtoto na hakuwa na kosa. Baadaye, alipokuwa mkubwa, aliomba tena, akaandika Telesphor kwenye jina la baba, akaupata uraia. Ya Laurean ilisema kibali chake nacho kinabaki, ila ombi lake la uraia limekataliwa kwa sababu ya uongo aliouandika na kutia sahihi, na asitarajie kukubaliwa kwa miaka mingi. Aliisoma mara mbili, akaikunja, akaiweka ndani ya daftari la bluu, kwenye ukurasa wa Faetoni. Mama Valeria alipata habari akiwa Kanyigo, akatuma salamu na pole, akisema hakujua. Waliompa pole wengine walisema alikosa akili, na kwamba kimya kingemfikisha mbali. Hao sikuwajibu, ingawa nilikuwapo waliposema, na hadi leo naona aibu kwamba sikuwajibu. Kimya kingemfikisha mbali kweli, ila kingempakia mtoto mzigo usio wake.

Mwaka 2015 walikwenda Kagera wote watano. Anastasia aliona kaburi la baba yake, akalisafisha kwa mikono, na Laurean akakaa kando yake kwenye majani, bila kutoa fundisho lolote.

Waliporudi London, kwenye uwanja wa ndege kulikuwa na mistari miwili. Mmoja ulikuwa mfupi, wa wenye pasipoti za Uingereza, ukienda haraka. Mwingine ulikuwa mrefu, umezungushwa kamba mara sita, nao ulikuwa na watu wa ndege mbili zilizotua pamoja. Generosa na wadogo, waliokwisha kupata uraia, walipita upande mfupi. Laurean aliingia kwenye mrefu na pasipoti yake ya Tanzania, akaweka begi chini.

Alipogeuka, Anastasia alikuwa nyuma yake, ameshika pasipoti yake mpya.

"Umekosea mstari," Laurean alisema. "Hapa ni kusubiri saa mbili."

"Najua."

Mfanyakazi wa uwanja, kijana mwenye fulana ya manjano, aliona jalada la pasipoti ile na kumwonyesha msichana kwa mkono upande wa pili. Alimwambia anaweza kupita kule, ni dakika tano tu.

"Niko na baba yangu," Anastasia alimjibu, kisha akasukuma begi la mzee kwa mguu, kwa kuwa mstari ulikuwa umesogea.